Mwanangu, ukipewa mateka wa kulinda

Lubumbashi, Komuni ya Kamalondo

Mwanangu mpendwa,

Ulituambia kwa simu kwamba kikosi chenu sasa kinalinda watu waliokamatwa vitani, na kwamba baadhi ya wenzako huwachimbisha mahandaki kutwa nzima bila chakula. Neno hilo limeninyima usingizi, nami nakujibu kama mtu aliyezeekea kazi ya reli.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Singapore, ngome ya Waingereza, ilipoanguka tarehe 15 Februari 1942, Wajapani waliteka makumi ya maelfu ya askari. Wengi wao, Waingereza na Waaustralia, pamoja na Waholanzi waliotekwa kwingine, walipelekwa kujenga reli ya kuunganisha Thailand na Burma (Myanmar ya leo), kilomita zipatazo 415 za misitu na milima, iliyokamilika Oktoba 1943. Najua kukata mwamba kunadai nini. Huko Konyu, mahali reli hiyo ilipopasuliwa katika mwamba, mmoja alishika tindo, mwenzake akaipiga kwa nyundo nzito, na baada ya kila pigo mshikaji aliizungusha kidogo isije ikakwama, hadi shimo likafikia kina cha kutiwa baruti. Walifanya hivyo hata usiku kwa mwanga wa mioto, wengi miguu mitupu, mvua ikiwanyea, tumboni mna wali kidogo tu.

Linaloniuma zaidi ni yaliyotokea kila asubuhi. Wahandisi wa Kijapani walidai idadi ya watu wa kazi, wala hawakujali nani anaumwa. Madaktari waliokuwa mateka wenyewe, kama Edward Dunlop wa Australia, walisimama kuwatetea wagonjwa wa kuhara damu, beriberi (ugonjwa wa kukosa vitamini) na vidonda vilivyokula nyama hadi mfupani, na waliposhindwa iliwabidi wachague nani aende. Walinzi waliowatoa wagonjwa hao kambini walikuwa askari wa kawaida, wakitii amri, kama wewe.

Mateka zaidi ya 12,000 walikufa. Vibarua wa Kiasia, walioletwa kwa ahadi za uongo au kwa nguvu kutoka Malaya, Java na Burma kwenyewe, walikufa wengi kuliko hao. Katika makaburi ya Kanchanaburi, Thailand, wamelala askari karibu 7,000, na wengi wao majina yao yamechongwa; vibarua walio wengi hawana hata alama, kwa kuwa hakuna aliyejali kuwaandika.

Japani ilikuwa imetia sahihi mkataba wa mateka wa mwaka 1929 bila kuuridhia, yaani bila kukubali kufungwa nao. Ninyi hamna mwanya huo. Nchi yetu imefungwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo kifungu chake cha 3, kinachohusu hata vita vya ndani ya nchi, kinaamuru aliyeweka silaha chini atendewe kibinadamu.

Basi tafuta daftari, mwanangu. Andika jina la kila mmoja, kwao ni wapi na siku aliyofika, umpe mkuu wako nakala, na wajumbe wa Msalaba Mwekundu wakija asifichwe mtu. Ukiamriwa kumpeleka mgonjwa kazini, sema waziwazi kwamba hawezi. Mama yako anakusalimu sana, na anataka kujua kama blanketi lilikufikia.

Ni mimi baba yako.