Liemba yetu imetoa moshi

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili usiku

Ndugu yangu Baba Neema,

Mbukwa! Sisi huku wote wazima, wasiwasi ni kwenu na hilo joto la Dar. Najua nimekuwa kimya tangu ule msiba wa Kikuyu, na simu yako ya Idi sikuirudisha. Nisamehe sana. Leo nimeamua kuandika kwa sababu mambo ya umeme nikiyaeleza kwa simu nayachanganya, nawe nataka uyasome taratibu.

Ile meli yetu ya mfano, Liemba ya Ziwa Tanganyika, imeungua. Mbao ziko salama, ni waya.

Tuliimaliza wiki iliyopita, mimi na binti yako Chiku. Kila sentimeta ni meta moja ya Liemba yenyewe, kwa hiyo ina sentimeta 71 toka omo hadi tezi. Ungemwona marehemu mzee angeishika vipi! Yeye na safari zake za Kigoma hadi Kasanga, unakumbuka alivyokuwa anasimulia. Mota nimeitoa kwenye ile drili ya betri iliyokufa, betri ni ya seli sita, volti 7.2. Rimoti na risiva, kile kipokeo cha mawimbi ya rimoti, unazijua, ni zile ulizoleta mwenyewe.

Mezani kila kitu kilikwenda vizuri. Rafadha inazunguka, usukani unatii kushoto na kulia, nikapima kwa mita nikapata ampea 2. Nikajiambia ampea 2 ni kidogo, nikaunga kwa waya wa spika, fyuzi sikuweka. Ijumaa jioni tukaishusha kwenye pipa lililopasuliwa, lile la kunyweshea mbuzi. Chiku ndiye aliyeshika rimoti. Ikaenda, ikageuka, mama yake akapiga vigelegele kabisa. Halafu ikasimama. Chiku akaongeza mwendo. Sekunde chache tu, moshi mweupe ukatoka chini ya sitaha, harufu ya plastiki, na usukani nao ukafa.

Nilipoitoa nikakuta kipande cha kamba ya katani, ya mbuzi, kimejiviringisha kwenye rafadha hadi kwenye mhimili. Mota ilikuwa imekwama lakini umeme unaendelea kumiminika. Waya wa spika umeyeyuka ganda lote na kile kidhibiti mwendo, kinachoipimia mota umeme, kimepasuka juu. Usukani ulikufa kwa sababu risiva na sevo, kile kimota kinachogeuza usukani, vilikuwa vinapata volti 5 kutoka kwenye hichohicho kidhibiti. Kikifa chenyewe, na wao wamekufa.

Jana nikakaa na mota peke yake na waya mnene, nikairudisha majini, nikapima tena. Ampea 9! Mota ileile, betri ileile, rafadha ileile. Hewani haina inachosukuma. Ukiiweka majini ndipo inapobeba mzigo, na ikikwama kabisa inavuta kuliko wakati wowote mwingine, mita yangu ya ampea 10 nisingethubutu kuiweka. Tangu jana hili halinitoki kichwani, Baba Neema. Vipimo vyote nilivyoviamini nilivichukua mahali ambapo meli haitafanya kazi hata siku moja.

Sasa nimeanza upya. Fyuzi nimenunua duka la spea za magari pale Majengo, zile bapa za plastiki, ya bluu ndiyo ampea 15. Nimeiweka upande wa chanya, karibu kabisa na betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi hakuna anayeulinda. Waya ni mnene, viungo nimevilehemu kwa risasi na kuvivika mpira. Sevo ilikuwa inatetemeka kila mota ikizunguka, kumbe ni cheche za kaboni za mota zinavuruga risiva. Nimeweka kapasita tatu za maikrofaradi 0.1: moja kati ya miguu miwili ya mota, na nyingine mbili toka kila mguu kwenda kwenye bati la nje la mota. Bati lilikataa risasi mpaka nilipolisugua kwa msasa. Waya wa antena nimeupandisha juu ndani ya bomba la moshi, kwa sababu mawimbi ya hizi rimoti hayapiti majini.

Chiku alilia Ijumaa, akidhani ameiua yeye. Nikamwambia Liemba ya kweli ilizamishwa 1916, ikainuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Akaniuliza, yetu itachukua miaka mingapi? Nimemwahidi tutaishusha kwenye bwawa la Hombolo kabla shule hazijafunguliwa. Ndiyo maana nakusumbua.

Naomba unipitie Kariakoo, unitafutie kidhibiti mwendo cha mota ya kaboni, ampea 40. Angalia upande wa mota: kitoe waya mbili. Kikitoa tatu usinunue, hicho ni cha mota zile zisizo na kaboni. Kiwe pia kinarudi nyuma, siyo mbele tu. Bei yoyote niambie, nitakutumia kwa simu. Mpe shemeji, naambiwa anapanda treni Alhamisi.

Na nijibu haya, tafadhali. Hiyo fyuzi ya 15 inatosha, au kamba ikishika tena itachelewa kukatika? Risiva niipe betri yake yenyewe, seli nne, ili mota ikifa usukani ubaki? Nikifanya hivyo, ule waya mwekundu wa kidhibiti unaokwenda kwenye risiva itanibidi niuchomoe, sivyo? Betri yangu ni ya ampea-saa 3, kwa ampea 9 napata dakika 20: nimhesabie Chiku 10 ndipo airudishe ufukweni? Sitaki mtoto aingie majini kuifuata. Na nyie mnakuja lini? Neema bado anakohoa? Yule fundi redio wa Makole umewahi kumwona huko?

Nisalimie Mama Neema. Zabibu zikiiva nitampa shemeji kreti lenu.

Ndugu yako,
Baba Chiku