Mdogo wangu, ulijua

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu simu zangu hupokei. Ujumbe unausoma, naona umeusoma, kisha kimya. Mama ananiambia nikuache, eti uko mbali, una masomo, na baridi ya huko ni kali. Sikuachi. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni Mama akihangaika na biashara mpakani, na samaki wa Majanji niliowauza ndio waliokulipia ada Baba alipotutoka. Haki ya kukusema ninayo.

Ninyi wengine mnaosoma, mniwie radhi. Haya ni ya boma letu hapa Busia, ya mtoto wa dada yetu tuliyemzika kwa ugonjwa wa sikoseli, lakini najua kuna maboma mengi Tororo, Jinja na Lira yenye maneno kama haya ambayo hayajasemwa.

Kwanza niseme lile nisiloweza kulikana: ulitufundisha. Kila likizo ulirudi kutoka Makerere na elimu mpya, yako au ya wale uliokaa nao hosteli. Yule wa mambo ya mawasiliano alikueleza habari za mawimbi, nawe ukafika ukaitoa ruta ya Mama nyuma ya kabati la vyombo ukaipandisha juu ya mlango. Ukatuambia mabati huyarudisha mawimbi, kwamba ya gigahezi 5 hubeba mengi lakini hufifia upesi ukutani kuliko ya gigahezi 2.4. Tangu siku hiyo Mama anasikiliza mahubiri kwenye simu akiwa jikoni. Yule wa kemia alikupa habari za vichocheo. Ukamkalisha Baba Mkubwa, yeye na teksi yake ya njia ya Tororo, ukamweleza kwa nini wezi wanakitafuta kile chombo cha kwenye bomba la moshi: ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kaboni monoksaidi ikipita hapo inageuka kaboni dayoksaidi, huku madini yenyewe yakibaki kama yalivyokuwa. Mzee alikusikiliza mpaka chai ikapoa.

Hata sigiri ulitufundisha. Ulisema udongo wa ndani hupitisha joto kidogo kuliko bati, kwa hiyo joto linabaki kwenye makaa na kwenye sufuria. Ukaendelea na mtungi, maji yanavyotoka jasho kwenye udongo na kuondoka na joto, ya ndani yakabaki baridi. Dada yako alikuwa ameketi papo hapo akichambua sukuma, tumbo lake likiwa la miezi mingi. Alicheka akasema mwanawe lazima awe na akili kama za mjomba wake.

Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba hukujua namna ya kuzungumza na watu wa nyumbani. Ulizungumza nao kuhusu kila kitu.

Mtoto alipokuwa hajatimiza mwaka, vidole vya mikono na miguu vilivimba, vikawa vinene na vya moto. Nilikupigia simu. Ukasema tumpeleke hospitali. Tukampeleka, wakatibu malaria, maana huku kwetu mtoto mwenye homa ni malaria kwanza, na mara nyingi kweli anayo. Nikakupigia tena macho yalipokuwa ya njano. Ukasema hospitali. Hukuniambia tuombe kipimo gani! Mtu aliyekesha akinisimulia habari za himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, nikimwambia vidole vya mtoto vimevimba, ananijibu kama mpita njia.

Majibu ya sikoseli yalikuja mtoto akiwa na umri wa kwenda shule. Nesi mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyetukalisha mimi na dada yako akatueleza. Chembe nyekundu zinajipinda kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa myembamba, na mfupa unakosa oksijeni. Baridi huamsha maumivu, na kiu, na homa. Aliyerithi jeni ya ugonjwa kwa mzazi mmoja tu huitwa AS, ameibeba bila kuugua; aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ni SS, ndiye mgonjwa. Tukakumbuka siku alizocheza kwenye mvua na wenzake. Tukakumbuka tulivyomwogesha maji ya mtungini saa za jua kali ili apoe, na usiku alivyolia miguu mpaka alfajiri. Joto na baridi ulitufundisha vizuri sana, mdogo wangu. Hilo la mtoto huyu hukutuambia.

Sasa siku ya mazishi. Sitaki kuirudia, lakini usiku nikilala inarudi yenyewe.

Mshereheshaji aliita upande wa wajomba. Ukainuka na koti lako la huko, ukashika kipaza sauti. Najua nia yako, na nitakutetea kwa hilo popote: kule nyuma wanawake wa ukoo wa shemeji walikuwa wananong'ona habari za laana, nawe ulitaka kuwanyamazisha. Ukasema: “Jamani, hakuna aliyemroga mtoto huyu. Ni ugonjwa wa kurithi. Mama na baba wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto SS.” Hadi hapo sawa. Kisha ukaongeza: “Hata mimi nilipimwa nikiwa mwaka wa pili chuoni nikakutwa AS, kwa hiyo iko damuni mwetu.”

Mama mkwe wa dada yako aligeuza shingo taratibu akamtazama. Dada yako alikuwa chini kwenye mkeka, karibu na jeneza, kichwa kimefunikwa na leso. Nikamsikia yule mama akimwambia jirani yake, bila hata kupunguza sauti, kumbe imetoka kwao.

Ndipo nilipokuja nikakunyang'anya kipaza sauti. Watu wanasema nilimwaibisha msomi mbele ya padri na wazee. Waseme. Kama nisingekuja, ungeendelea na asilimia zako, na yule aliye kwenye mkeka angezikwa pamoja na mwanawe. Mkubwa wa nyumba anafanya anachoona kinafaa kwa dakika hiyo, na mimi niliona.

Lakini hilo la mama mkwe silo linaloninyima usingizi. Ni ule mwaka wa pili. Dada yako aliolewa wewe ukiwa umeshamaliza mwaka wa pili. Ulikuwepo wakwe walipokuja. Ulikaa upande wetu na baba wadogo, ukahesabu mahari kwa vidole vyako mwenyewe, ukala, ukacheza. Padri aliwauliza maharusi kipimo cha Ukimwi, wakaleta karatasi. Nawe ulikuwa umekaa benchi la mbele na jibu lako mfukoni. Wewe kuwa AS maana yake mzazi wetu mmoja, au wote wawili, alibeba. Na kila mmoja aliyetoka tumbo lile ana nafasi isiyopungua nusu ya kubeba vilevile. Hayo hukuyasoma baadaye huko uliko. Uliyajua siku ile.

Dada yako sijui kama ameshapiga hesabu hiyo. Hajaisema. Anaamka, anafagia uwanja, anakwenda sokoni.

Najua utakavyojibu, maana nimekulea. Utasema mtafiti hasemi jambo ambalo hajalipima, na nusu si yote. Utasema habari za damu ya mtu ni siri. Lakini damu hii ilikuwa yako! Siri ilikuwa yako na ruhusa ya kuitoa ilikuwa yako. Ungesema tu, “Dada, nimepimwa nikakutwa AS, nendeni mkapime na shemeji kabla ya harusi,” na hapo ungenyamaza. Wangepima. Pengine wangeoana hivyohivyo, walipendana sana. Lakini mtoto angezaliwa tukimsubiri na daftari la kliniki. Angepewa dawa za kumkinga na maambukizi tangu uchanga, asingeogeshwa maji baridi, na homa ya kwanza tungekimbia naye.

Wewe ndiye uliyenisimulia, tukiwa tumekaa kibarazani, kwamba mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walikuwa wakipima damu za watu hapahapa Uganda, kabila kwa kabila, wakakuta kwa Wabaamba wa Bundibugyo waliobeba jeni ya sikoseli wanakaribia nusu ya watu. Ulinisimulia kwamba mwaka huohuo Linus Pauling alionyesha himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya mzima, na kwamba baadaye Vernon Ingram akaona tofauti yote ni kipande kimoja tu cha protini, valini imekaa mahali pa asidi ya glutamiki. Ulinisimulia habari za Tony Allison aliyekulia Kenya, jinsi mwaka 1954 alivyoonyesha kwamba aliyebeba AS hapati malaria kali kirahisi, na ndiyo sababu jeni hii imekaa sana kwenye nchi za mbu kama hii yetu ya ziwani. Nilikusikiliza kwa fahari. Nikajiona nimesoma mimi. Babu yetu alikuwa kijana mwaka 1949, na elimu hiyo ilikuwa tayari imeanza kujulikana. Imekwenda vitabuni, imezunguka dunia, ikarudi kibarazani kwetu ndani ya kichwa chako, na bado haikumfikia dada yako aliyekuwa hatua chache akiosha vyombo.

Siuchukii utafiti. Mtu asisome hapa akadhani hivyo. Nimeutafuta mwenyewe tangu msiba. Nimesoma kwamba watafiti walichukua matone ya damu ya watoto karibu 100,000 wa nchi nzima, yaliyokuwa yamekaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha VVU, wakayapima sikoseli, na matokeo ya mwaka 2016 yakaonyesha asilimia 13.3 wamebeba na asilimia 0.7 ni wagonjwa. Hiyo ilikuwa kazi ya akili na ya huruma pia, karatasi ileile kuokoa mara mbili. Nimesoma kwamba hospitali ya Mulago walijaribu dawa ya sikoseli iitwayo haidroksiyurea kwa watoto wadogo, maana ilihofiwa ingewazidishia malaria, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba haikuzidisha, na waliopewa walipata shida chache kuliko wenzao. Mtoto wetu aliianza akiwa amechelewa, bandama inayopambana na vijidudu imeshachoka. Homa iliyomchukua ilikuja usiku, na kufikia mchana tulikuwa tunatafuta sanduku.

Desemba 2023 ulinitumia habari kwamba Marekani wameruhusu Casgevy, tiba ya jeni ya sikoseli. Ulifurahi. Uliandika mistari mirefu kuhusu ule mkasi wa jeni uliowapa Charpentier na Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020, na jinsi unavyouwezesha mwili kutengeneza tena himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Nikauliza bei. Ukasema dola milioni 2.2. Sikukujibu, nilikuwa nimemshika mtoto wakimtafuta mshipa. Sikulaumu kwa bei. Nakulaumu kwa sababu kipimo cha damu kabla ya harusi kilikuwa hapahapa Uganda, na wewe ulikijua.

Yule mdogo wetu wa kike nimempeleka kupimwa mwenyewe. Walimchoma kidole, tone likawekwa kwenye karatasi, likapelekwa Kampala. Ni AS. Nimeyaweka majibu kwenye bahasha moja na cheti chake cha kuzaliwa, na siku atakayoniletea mchumba, bahasha itakuwa mezani kabla ya soda. Mimi pia nimepima. Wanangu wote wamepima. Mama amekataa, anasema uzee huu apime ili iweje, na sikumlazimisha.

Nakumiss, mdogo wangu. Mama akikusanya nguo zako za zamani ananikataza nisizigawe. Chumba chako kipo. Na nakuambia haya kama mkubwa wako: ukisoma jambo linalogusa watu wako, lisemee nyumbani kabla hujalisemea ukumbini. Mimi sikusoma sayansi, lakini sikumbuki niliposikia jambo la kuwafaa nikalificha. Niliposikia mpaka utafungwa, nilikimbia kumwambia Mama auze mzigo. Niliposikia ada imepanda, nilikuambia siku hiyohiyo ujiandae. Ndivyo tulivyoishi mpaka tukafika hapa, na ndivyo nilivyokufanya ukawa msomi.

Sasa sikiliza, kuna jambo la haraka. Wakwe wanakaa kikao baada ya Krismasi. Wanataka shemeji aoe mwingine, wa ukoo usio na ugonjwa, na wanayatumia maneno yako yale ya kwenye kipaza sauti. Wamesahau, au hawakusikia, kwamba ulisema mama na baba. Mimi nikiwaambia wananiona namtetea ndugu yangu. Dada yako hawezi kusema kitu pale. Wewe watakusikiliza, kwa sababu ya elimu yako na kwa sababu wewe ni mjomba.

Njoo. Mpigie dada yako kwanza, namba yake ni ileile, umwambie mwenyewe kwamba ulijua tangu mwaka wa pili, asije akalisikia kwa mwingine. Kisha uje ukae mbele ya mama mkwe wake, umwamkie kwa heshima, umweleze polepole kama ulivyomweleza Baba Mkubwa habari za teksi: kwamba mtoto asingekuwa SS kama mwanawe naye hakubeba, kwamba nusu ilitoka kwetu na nusu kwao, na kwamba wakimwoza mwanamke mwingine bila kumpima, naye akawa AS, watarudi makaburini kwa jambo lilelile. Waambie kwa Kiswahili, wote wasikie. Nauli ikikupungukia niambie mapema, kabla sijalipa ada za watoto za muhula mpya.

Dada yako mkubwa