Moshi wa treni ya mfano umedhoofika: niweke rezista ipi?

Kwenu mafundi,

Salamu kutoka Lubumbashi. Naomba ushauri juu ya kichwa cha treni ya mfano, geji O, reli ya milimita 32. Moshi wake umekuwa mwembamba mno, na una harufu ya kuungua.

Nimeshakifungua. Ndani ya kisanduku cha moshi mna rezista mbili (vipande vya kuzuia umeme, vinavyopata moto na kufukiza mafuta) za omu 16 zilizounganishwa sambamba, kwa hiyo kipimo kizima kingesoma omu 8. Multimita inasoma 16. Basi moja imekatika, na kwa volti zilezile joto limebaki nusu. Rangi ya iliyokufa imebabuka katikati, na utambi unaoigusa umekuwa mweusi, mgumu kama ganda la mkaa. Hiyo ni dalili ya kuendeshwa bila mafuta: utambi ukikauka, rezista haina cha kuipoza. Feni ni nzima, inazunguka bila kukwama.

Shida ni vipuri. Za omu 16 sizipati mjini. Ziko za 15 na za 18. Mbili za 15 zinatoa omu 7.5, yaani joto linapanda kama asilimia 7, na umeme unaovutwa kwenye kadi (bodi ya saketi inayoendesha treni) unapanda vilevile. Mbili za 18 zinatoa omu 9, joto linashuka kama asilimia 11. Naegemea 18, maana heri moshi pungufu kuliko kuunguza kadi ambayo huku haipatikani kabisa. Je, joto hilo litatosha? Wauzaji wananisukumia zile nyeupe za kauri za wati 5. Nimezikataa: hazienei kisandukuni, na unene wao unazichelewesha kupata moto.

Utambi wa asili ni nyuzi za kioo, pamba ingeungua. Nataka kuchambua kamba ya kuzibia mlango wa jiko la kuni. Itanyonya mafuta vizuri? Na niilaze kwa ulegevu gani? Ukiishindilia, inaziba tundu la hewa ya feni na moshi haupandi.

Kuhusu mafuta, wapo wanaosema nitie mafuta ya taa. Siwezi, mvuke wake unashika moto na treni hii huchezewa sebuleni na watoto. Parafini ya maji ya famasia, isiyo na harufu, matone 15 hadi 20, itafuka au ni nzito mno?

Naomba mnijibu kwanza la rezista. Hayo mengine yanaweza kusubiri.

Msomaji wenu, Lubumbashi