Asilimia 18 ya nini?

Mhariri,

Nilifundisha hisabati kwa miaka 31, kwa hiyo unisamehe nikikurudisha darasani. Makala yenu kuhusu saratani na vyakula ilisema soseji "ni hatari sawa na sigara", na mchora katuni wenu akachora soseji inayofuka moshi. Katuni niliicheka. Maneno yale yalinikera, maana aliyenisomea ni mdogo wangu, ambaye mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana.

Ni kweli, Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji, katika Kundi la 1, ambamo tumbaku pia imo. Lakini makundi yale hupima uzito wa ushahidi kwamba kitu husababisha saratani, si ukubwa wa madhara. Mionzi ya jua nayo imo humo, na sijaona katuni ya jua likivuta sigara. Shirika hilohilo lilitaja makadirio ya vifo vya saratani duniani kwa mwaka: takriban 34,000 vinavyohusishwa na ulaji mwingi wa nyama hizo, 600,000 vya pombe, na milioni moja vya tumbaku. Ziandike ubaoni namba hizo tatu, mtoto wa darasa la tano atakwambia tuanze na ipi.

Halafu ile asilimia 18. Mmeandika kwamba gramu 50 za nyama hizo kila siku "zinaleta asilimia 18 ya saratani ya utumbo". Asilimia 18 ya nini? Ni ya hatari iliyokuwapo tayari. Tuseme katika watu 100, watano wangeugua saratani hiyo maishani mwao. Ongeza asilimia 18 ya hao watano: wanakaribia kuwa sita. Ni mtu mmoja zaidi katika mia, tena kwa wanaokula kiasi hicho kila siku. Si jambo la kupuuza, hata mimi nimepunguza. Ila jirani aliyekuja kumjulia hali mdogo wangu alikuwa ameelewa kwamba watu 18 katika kila 100 wanaokula soseji wataugua, na gazeti alikuwa nalo kwapani.

"Kwani wewe ulikuwa unakula nini?" akamwuliza mgonjwa.

Mdogo wangu hajawahi kuvuta, hanywi, na alikuwa akitembea kila alfajiri. Mimi niliyevuta miaka 22 ndiye niliyekaa pembeni, mzima, nimemshikia chupa ya maji. Seli hugawanyika kila siku, na makosa mengine hutokea yenyewe bila mla wala mpishi kukosea. Hilo halikuandikwa popote katika makala yenu.

Pombe mliipa mstari mmoja. Mwilini hugeuka asetaldehidi, kemikali ambayo huharibu DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, na inahusishwa na saratani za aina saba, ikiwamo ya matiti. Wenzangu wengi wanadhani ni ini tu. Na chini ya makala mkaweka tangazo la vidonge vya beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A! Katika jaribio la Finland lililochapishwa mwaka 1994, wavutaji waliopewa vidonge hivyo waliugua saratani ya mapafu zaidi ya wenzao wasiopewa.

Naomba mchapishe masahihisho kwa herufi kubwa kama zile za kichwa cha makala. Mdogo wangu aliikata na kuitia kwenye faili lake la matibabu. Ningependa apate karatasi nyingine ya kuweka juu yake.

Mwalimu mstaafu