Safari ya Oxford kuona kazi za mchoraji Mwingereza Samuel Palmer

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Safari ya Ijumaa tarehe 14 iko palepale ila muda umebadilika, tunaondoka saa 1 asubuhi sio saa 2 tena, maana kule Ashmolean Museum tumepewa nafasi ya asubuhi na tukichelewa ndo basi.

1. Nauli pauni 15, mtumieni mweka hazina kabla ya Jumatano usiku. Kiingilio bure.
2. Mnaopenda kuchora bebeni penseli, kalamu za wino hapana.

Jamani msikose. Tumeomba michoro ya Palmer ya kahawia ya 1825, alikuwa na miaka 20 tu, kuna ile ya bonde limejaa ngano na mtu kajilaza katikati anasoma kitabu, mimi hiyo naipenda kuliko zote. Kuchapa picha kwa bamba za shaba alianza 1850 huko, na mwaka 1909 mwanawe alichoma moto kazi zake nyingi, kwa hiyo zilizobaki tuzione kwa macho yetu.

Wanataka idadi kamili, kwa hiyo naomba kila mtu aandike hapa NAKUJA au SIJI kabla ya kesho saa 3 usiku. Asanteni sana.