Harambee ya wodi ya vichanga, naombeni msome mpaka mwisho

Wapendwa, kamati ya akina mama imekaa na tumekubaliana harambee ya safari hii iende wodi ya vichanga. Wengi mmeniuliza mbona sio viti vya kanisa, basi nieleze.

Mtoto wa siku 3 haumwi kama sisi. Bakteria wakiingia kwenye damu yake saa zingine hata homa hapati, mwili unakuwa wa baridi, ananyonya kidogo anaachia, analala tu, na wewe mama unasema jamani kamtoto kangu katulivu. Mimi nilisema hivyo hivyo. Nesi ndo alimfunua kifua akahesabu pumzi zimepita 60 kwa dakika, akasema huyu hatumsubirishi, wakamchoma ampisilini na jentamaisini usiku uleule, tukakaa pale siku 10 za sindano. Leo anakimbia.

Sasa hizo dawa mbili ndo za kuanzia, ila kuna bakteria kama klebsiela ambao mara nyingi wameshazizoea na hawafi, na daktari hawezi kujua ni bakteria gani mpaka damu ioteshwe, waachwe wakue waonekane, yani kama mililita 1 inatolewa kabla ya sindano ya kwanza, inawekwa kwenye kichupa chake maalum halafu inasubiriwa siku kadhaa huku mtoto anaendelea na dawa. Kichupa kisipokuwepo daktari anabahatisha. Kanula ndogo kabisa, vile vimrija vya kupitishia dawa kwenye mshipa, zikiisha ndo balaa, mshipa mwembamba kama uzi unatobolewa mara nne mara tano, hiyo nimeiona kwa macho yangu na sitakaa niisahau. Alafu jentamaisini inapigiwa hesabu kwa uzito, ikizidi inaweza kuumiza figo na masikio, kwa hiyo mzani unaosoma gramu sio anasa.

Pesa itaanza na vichupa, kanula, mzani, ikibaki sanitaiza ya kila kitanda, maana wadudu wengi wanahamia kwa watoto kupitia mikono yetu wenyewe.

Toa ulichonacho hata kama ni kidogo, mpe mweka hazina mkononi akuandike kwenye daftari, mwisho ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, risiti za manunuzi tutazibandika ubaoni kila mtu azione. Na kama nyumbani una mtoto chini ya siku 28 amegoma kunyonya, usimpe dawa iliyobaki ya mwenzake, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, mchango utauleta kesho.