Kalori za mchele au za wali?

Ndugu Mhariri,

Mzee wangu ana ugonjwa wa sukari, huu ni mwaka wa tisa. Mapema mwaka huu aliambiwa kliniki apunguze uzito, na nafaka ya mlo wa mchana isizidi kalori 300. Tukapewa karatasi iliyopigwa chapa, vyakula upande mmoja, kalori upande wa pili. Kwenye mstari wa mchele iliandikwa gramu 100, kalori 360. Kijana wetu wa mwisho akatununulia mizani ndogo ya kidijitali, tukaona sasa tumepona.

Hapa kwetu Walukuba, Jinja, mimi hupika mara mbili tu kwa wiki, Jumapili na Jumatano, maana bei ya makaa inauma. Nabandika sufuria kubwa ya wali kwenye sigiri, kisha maharage, na vyote nagawa kwenye makopo na kuweka kwenye friji. Jumapili ile nikapiga hesabu kwa karatasi ya kliniki, nikampimia mzee gramu 83 za wali. Haukufika hata robo ya tumpeko, kile kikombe kikubwa cha plastiki. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akala bila neno.

Siku ya tatu, saa kumi jioni, nilimkuta barazani jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, nikimsemesha anajibu maneno yasiyoshikana. Vidonge alikuwa amemeza kama kawaida, chakula ndicho kilichopungua, sukari mwilini ikamshuka. Nilimnywesha maji ya sukari huku jirani akikimbilia boda. Alipata nafuu, namshukuru Mungu, ila usiku kucha sikulala. Mkono uliompunguzia chakula ulikuwa wangu.

Tuliporudi kliniki, muuguzi mmoja aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaniuliza, "Mama, ulipima ukiwa mkavu au umeiva?" Hapo nikaelewa. Kalori 360 ni za mchele kabla haujaingia chunguni. Ukiiva unanyonya maji, uzito unapanda karibu mara tatu, na maji hayana kalori. Gramu 100 za wali mweupe usio na mafuta zina kalori kama 130. Siku tatu nzima nilimlisha mzee wangu theluthi ya kile alichoruhusiwa.

Mhariri, Kiswahili kimetupa maneno matatu. Mpunga uko shambani, mchele uko gunia, wali uko kwenye sahani. Anayejua lugha hii hawezi kuchanganya mchele na wali, kama tu mwandishi ameandika lile analokusudia. Lakini hapa Uganda tumezoea kulegeza. Kwa Kiluganda omuceere ni ule wa dukani na ule wa mezani, nasi tunaleta mazoea hayo kwenye Kiswahili chetu. Posho, yaani ugali, ndiyo mbaya zaidi: ukimwambia mwenye duka akupe kilo ya posho anakupimia unga, na jioni unawaambia watoto posho imeiva. Mwenye njaa haoni tofauti, lakini anayepimiwa chakula kwa sababu ya ugonjwa, tofauti hiyo inaweza kumwangusha.

Sasa nafanya hivi, na naomba wasomaji wenye mgonjwa nyumbani wanisikilize. Kwanza napima sufuria tupu na kuandika uzito wake ukutani kwa chaki. Napima mchele mkavu, kilo moja, ambao ni kalori kama 3,600. Mafuta nayo napima, kwa sababu gramu 30 tu zinaongeza kalori kama 270, na hayo ndiyo watu wengi huyasahau. Jumla 3,870. Wali ukiiva napima sufuria yote na kutoa uzito wa sufuria tupu. Jumapili iliyopita wali wenyewe ulikuwa gramu 2,800. Nikagawa 3,870 kwa 2,800, nikapata kalori 1.38 kwa kila gramu. Kalori 300 za mzee zikawa gramu 217. Hicho ni chakula cha mtu mzima, na mzee alikila akitabasamu.

Hesabu hii hairithiwi na sufuria ya kesho. Juzi nilisonga posho kwa gramu 500 za unga wa mahindi, kalori kama 1,800, ikatoka gramu 1,500. Binti yangu alisonga kwa unga uleule, kiasi kilekile, akaiacha laini, ikatoka gramu 1,800. Gramu moja ya posho yangu ina kalori 1.2, ya kwake ina 1. Sasa nani atuandikie gazetini kwamba "posho" ina kalori kadhaa, bila kuuliza aliyeisonga?

Jirani yangu hana mizani ya jikoni na aliniuliza afanyeje. Nilimwambia apimiwe dukani kilo moja kamili ya mchele, aupike wote, kisha augawe wali katika mafungu 12 yaliyo sawa kwa upawa uleule, bila kuushindilia. Kila fungu ni kalori 300 za mchele, hata kama maji yalizidi au yalipungua; akitia mafuta, kalori zake zinaongezeka juu ya hizo. Sehemu moja ya kumi na mbili ya kilo inabaki ileile. Aligawa mbele yangu, tukarudia mara mbili hadi mafungu yakalingana.

Ukoko nao uhesabiwe. Umekauka, kwa hiyo gramu yake moja imebeba kalori nyingi kuliko gramu ya wali wa juu, na mzee wangu anaupenda mno. Mimi huukwangua na kuuchanganya kwenye sufuria kabla ya kugawa. Na kugawa kufanyike siku ileile ya kupika. Kiporo hupungua maji kila kinapopashwa moto, ukikipima siku ya tatu mizani itakupa jibu jingine kwa chakula kilekile. Tena wali usilale nje usiku ukisubiri kugawiwa, kuna vijidudu vinavyostahimili moto wa kupikia na kuzaliana wali ukikaa na uvuguvugu. Ukishaacha kutoa moshi, funika, weka kwenye friji.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa afya nausoma kila wiki, na majedwali ya vyakula huwa nayakata na kuyabandika jikoni. Mnapochapisha kalori za nafaka, andikeni mchele au wali, unga au posho iliyoiva, maharage makavu au yaliyochemshwa. Baraza la Mawaziri lilipokubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mimi nilifurahi. Mjukuu wangu sasa ananisahihisha mezani nikisema "leta mchele" ilhali sahani imejaa wali. Na ile karatasi ya kliniki bado inagawiwa kama ilivyo. Wiki iliyopita nilimwona mama mwingine akiikunja na kuitia kwenye mkoba, nikamfuata hadi getini kumweleza.

Mpishi wa nyumbani,
Walukuba, Jinja